Jumamosi Sita za "the": Tathmini ya Kozi Fupi ya Kiingereza Jijini Dar es Salaam

Mwezi Februari mteja wangu mmoja alinirudishia tafsiri ya mkataba wa pango wenye kurasa tisa, na kila ukurasa ulikuwa umejaa wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la tatu. Nilikaa chini nikayahesabu masahihisho yote. Yalikuwa 52, na kati ya hayo 38 yalihusu neno moja lenye herufi tatu: ama nililiweka "the" mahali lisipotakiwa, ama nililisahau mahali lilipohitajika. Kazi ya kutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndiyo inayonilisha, huu ni mwaka wa kumi na nne, na msamiati wa sheria naujua kuliko wa jikoni kwangu. Lakini siku ile ilinibidi nikiri kwamba neno linalotumika kuliko yote katika Kiingereza nimekuwa nikiliweka kwa kubahatisha.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la kozi iliyoahidi Jumamosi sita za kushughulikia "a", "an" na "the" pekee, nililipa siku hiyo hiyo. Ada ilikuwa shilingi 180,000 kwa saa 18 za darasani, yaani shilingi 10,000 kwa saa, pamoja na kabrasha la fotokopi. Jina la chuo naliacha makusudi, kwa kuwa malalamiko yangu nimeshayafikisha kwa wahusika wenyewe, na nitakayoyaeleza yatamfaa mtu anayefikiria kujiunga na kozi ya aina hii popote pale.

Tulikuwa wanafunzi 11, na mchanganyiko wetu ulikuwa sehemu ya faida ya kozi. Alikuwapo mama mmoja muuguzi, wakala wa forodha, walimu wawili wa sekondari, mfanyabiashara kutoka Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa, na kijana mwongoza watalii aliyeshuka kutoka Arusha kwa sababu msimu wa masika hauna wageni wengi. Chumba kilikuwa ghorofani, kina feni moja, na sauti za makondakta wa daladala zilipanda hadi kwetu kila mwalimu aliponyamaza. Hilo silihesabu kuwa kosa; Dar es Salaam ni Dar es Salaam.

Jumamosi ya kwanza ilinikatisha tamaa. Kabrasha lilikuwa na kanuni 37 zilizopangwa kwa namba, na mwalimu alizisoma moja baada ya nyingine huku sisi tukizipigia mistari. Ya kwanza ilikuwa ile ambayo sote tuliisikia tangu shuleni: kitu kikitajwa kwa mara ya kwanza kipewe "a", kikitajwa tena kipewe "the". Kanuni hii si uongo, ila ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonipotosha miaka yote. Mtu akimwambia mwenzake "Close the door", mlango huo haujatajwa na yeyote kabla ya hapo. Akisema "I bought a car, but the engine is dead", injini nayo inatajwa kwa mara ya kwanza na bado inapewa "the", kwa sababu kila gari lina injini, na msikilizaji ameshaipata akilini tangu aliposikia habari ya gari. Kinyume chake, anayesema "My father was a teacher and I am a teacher too" amelitaja neno "teacher" mara mbili, na mara zote mbili limebaki na "a". Wakala wa forodha, ambaye hakuwa mtu wa kumeza asichokielewa, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, sasa hii kanuni inafanya kazi lini?" Mwalimu alicheka. "Kaka, vumilia hadi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata aliliacha kabrasha mezani, hakulifungua kabisa, na saa tatu za siku hiyo ndizo zilizonifanya niandike tathmini hii. Alimgeukia yule mama muuguzi, mkubwa wetu kwa umri, akamwomba atuanzishie hadithi yoyote aliyosimuliwa utotoni. Mama hakusita. "Paukwa!" Tukaitika pakawa. "Paliondokea mfalme mmoja. Yule mfalme alikuwa na binti. Yule binti akaugua." Hapo mwalimu alimsimamisha, akaandika sentensi hizo tatu ubaoni, akazungushia duara neno "mmoja" na maneno "yule" mawili. Kisha akamuuliza: "Mama, kwa nini hukusema 'yule mfalme' tangu mwanzo?" Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Si bado hamjamjua, mwalimu?"

Jibu hilo lilizifanya kanuni nyingi za kabrasha zionekane za ziada. Mzungumzaji wa Kiingereza, kabla ya kuliweka "the", huwa amejibu swali moja bila kujijua: je, huyu anayenisikiliza anajua, au anaweza kutambua mara moja, ni kipi ninachokisema? Akiwa anajua kwa sababu kimetajwa, au kwa sababu kipo mbele ya macho yetu kama ule mlango, au kwa sababu kipo kimoja tu kama jua, au kwa sababu kinaambatana na kilichotajwa kama injini na gari, basi "the" inaingia. Asipojua, haiingii. Kutajwa mara ya pili ni njia mojawapo tu ya kujulikana, na shuleni tulifundishwa njia hiyo kana kwamba ndiyo safari yote.

Mwalimu alikwenda mbali zaidi kidogo, na hapa ndipo alipoonyesha kwamba anaijua kazi yake. Alitukumbusha kwamba "the" ya leo imetokana na kionyeshi cha Kiingereza cha kale, na kwamba ina undugu na "that", kwa hiyo Waingereza walifanya zamani jambo ambalo sisi tunalifanya nusu nusu hadi leo: walichukua neno la kuonyeshea kwa kidole, wakalichakaza hadi likabaki kuwa ishara ya kujulikana. Sisi tukisema "mfalme yule", aghalabu tunamwonyesha mtu. Tukitanguliza tukasema "yule mfalme", kidole kimeshashuka, na tunachomwambia msikilizaji ni kwamba huyo tunayemzungumzia ni yule yule anayemjua. Kisha akaandika "Umeleta mkataba?" na chini yake "Umeuleta mkataba?" akatuuliza tofauti. Darasa zima lilijibu kwa pamoja kwamba la pili linahusu mkataba ambao tulishauzungumzia. Kwa miaka kumi na nne nimekuwa nikiisoma hiyo "u" katika kitenzi na kuitupa njiani wakati wa kutafsiri, ilhali ndiyo iliyokuwa ikiniambia niandike "the".

Ningependa hata hivyo angetuonya kwamba daraja hilo halivuki kila mto. Kwa watu na wanyama Kiswahili hukitaka kiambishi hicho karibu kila mara, ajulikane asijulikane: "nimemwona mtu mlangoni" haina maana kwamba mtu huyo anafahamika. Mmoja wa walimu wa sekondari aliandika zoezini "I saw the person at the door" kwa sababu hiyo hiyo, akakosolewa bila kuelezwa alikotelezea. Nilimweleza mimi wakati wa chai.

Somo la mambo ya jumla lilikuwa zuri pia, hasa kwa sababu ya yule mfanyabiashara wa Bujumbura, ambaye alisema "The life is hard" kwa moyo wa mtu aliyeyapitia. Kifaransa humtaka aseme "la vie", na mmoja wetu aliyesoma madrasa akaongeza kwamba Kiarabu nacho husema "al-hayat", kwa hiyo watu wawili waliofika darasani kwa njia tofauti kabisa walikuwa na kosa moja. Kiingereza huliacha tupu neno la jumla lisilohesabika: "Life is hard", "Water is precious". "The" huja pale tu maji yanapokuwa maji fulani, kama yale ya tangi la nyumbani. Sisi ambao lugha yetu haina kitu cha namna hiyo tulijiona wajanja kwa dakika chache, hadi mtu alipokumbusha kwamba "al" ya Waarabu tuliimeza nzima nzima ndani ya alfajiri, alasiri na Alhamisi bila kujua tunachotafuna.

Kwa mwongoza watalii jambo hili lilikuwa la mkate wake. Anaweza kusema "Lions sleep most of the day", na wageni wakaelewa kuwa anasema habari ya simba wote duniani. Akisema "The lions sleep most of the day", wataanza kuchungulia madirishani wakiwatafuta simba hao. Kwa umoja mambo ni mapana zaidi, kwa kuwa "The lion is a dangerous animal" na "A lion is a dangerous animal" zote mbili zinakubalika kwa maana ya jumla. La kwanza lina harufu ya kitabu cha elimu ya viumbe, la pili ni la mazungumzo. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hii ya simba, kwa maana nitaidai haki yangu baadaye.

Majina ya mahali yalichukua Jumamosi nzima ya nne, na naona ilikuwa siku ya kupunguzwa. Msingi ni rahisi: jina tupu husimama lenyewe, na jina ambalo kwa kweli ni maelezo hudai "the". Ndiyo maana tunasema "Tanzania" lakini "the United Republic of Tanzania", na "the University of Dar es Salaam" lakini "Ardhi University". Majina ya wingi nayo hudai, kama "the Comoros", "the Netherlands" na "the Usambara Mountains". Mito na bahari hudai, "the Rufiji" na "the Indian Ocean", na Gambia, ambayo jina lake ni la mto, mpaka leo huandikwa "The Gambia". Maziwa hayadai, "Lake Victoria", wala mlima mmoja mmoja, "Mount Meru". Mwongoza watalii aliuliza kwa nini ziwa linyimwe kile ambacho mto umepewa, na mwalimu akajibu kwa uaminifu niliouheshimu: hapa hakuna sababu, ni kukariri. Alichokifurahia kijana ni kugundua kwamba husema "the Serengeti" anapozungumzia nyika yenyewe lakini "Serengeti National Park" anapozungumzia hifadhi, na kwamba alikuwa akivisema vyote viwili sawasawa kwa sikio tu. Mimi nilichoondoka nacho ni barabara. "Morogoro Road" ni jina la barabara, lililoandikwa kwenye vibao. "The Morogoro road" ni barabara yoyote impelekayo mtu Morogoro. Katika ripoti ya ajali, tofauti hiyo si ndogo.

Nchi moja ilipewa dakika tano ambazo zilistahili ishirini. Hadi Umoja wa Kisovieti unavunjika, Waingereza wengi walikuwa wakiandika "the Ukraine". Baada ya uhuru wa mwaka 1991 wenye nchi waliikataa "the" hiyo, kwa kuwa iliwafanya wasikike kama jimbo la nchi ya mtu mwingine, na magazeti na serikali yakaifuta. Herufi tatu, na ndani yake mna swali la nani ana dola na nani hana.

Matamshi yalipita haraka na kwa kicheko. Mswahili anayeitamka "dh" ya "dhahabu" na "dhambi" hana haja ya kufundishwa sauti ya kwanza ya "the", na wale wetu wanaosema "zahabu" walijikuta wakirudi kuijifunza lugha yao wenyewe. Tuliandika ubaoni kwa tahajia yetu: "dha" mbele ya konsonanti, "dhi" mbele ya irabu. Mtego upo katika sauti, maandishi hayahusiki. "The university" hutamkwa "dha" kwa sababu neno linaanza na sauti ya "yu", na "the hour" hutamkwa "dhi" kwa sababu "h" yake ni bubu.

Mama muuguzi ndiye aliyetuingiza katika taasisi. Alitaka kujua kwa nini daktari mmoja wa kigeni humwambia "Your patient is in hospital" na mwingine husema "in the hospital" juu ya mgonjwa yule yule. Mwalimu alieleza vizuri kwamba bila "the" neno linataja shughuli: "in hospital" ni kulazwa, "in prison" ni kufungwa, "at school" ni kusoma. Ukiweka "the" unataja jengo, na hapo hata mgeni aliyepeleka uji anaweza kuwa "in the hospital". Lakini hakusema kwamba hayo ni ya Waingereza, na kwamba Mmarekani husema "in the hospital" hata kwa aliyelazwa. Wakala wa forodha, ambaye wateja wake wengi ni wa Marekani, aliondoka akiamini kuwa wanakosea lugha yao. Hilo ni pengo la kweli katika kozi inayofundishwa kwenye jiji la bandari, ambako Kiingereza hushuka melini kutoka kila upande.

Jumamosi ya tano, iliyohusu maandishi ya kisheria na ya kiofisi, ndiyo niliyoilipia. Mwalimu alituomba tulete karatasi zetu wenyewe, nami nilipeleka ukurasa wa nne wa mkataba ule wenye wino mwekundu. Kiswahili chake kilisema: "Mpangaji atakarabati milango iliyoharibika." Mimi nilitafsiri "The Tenant shall repair the damaged doors", mteja akaifuta "the" ya pili, na kwa wiki nyingi niliona ananionea. Mwalimu aliziandika tafsiri zote mbili ubaoni akauliza darasa: ni milango ipi? Kwa "the damaged doors", mpangaji anatengeneza milango ambayo pande zote mbili zinaijua, ile iliyokwisha kuharibika siku ya kutia sahihi, na kazi yake imeisha hapo. Kwa "damaged doors", anatengeneza mlango wowote utakaoharibika wakati wowote wa upangaji. Mteja wangu alikuwa mwenye nyumba. Kwa neno moja nilikuwa nimempunguzia mpangaji mzigo wa miaka mitatu, na kama shauri lingefika barazani sijui ningejitetea vipi.

Ili kutuonyesha kwamba mataifa nayo hugombana kwa jambo hilo hilo, alileta Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 22 Novemba 1967 baada ya vita vya siku sita kati ya Israeli na majirani zake Waarabu. Toleo la Kiingereza linataka majeshi ya Israeli yaondoke "from territories occupied in the recent conflict", bila "the" mbele ya "territories". Mfanyabiashara wa Bujumbura alipewa toleo la Kifaransa atusomee, akasoma "des territoires occupés", akatueleza kwamba kwa masikio yake hayo ni maeneo yale yaliyokaliwa, si baadhi tu. Upande mmoja wa mgogoro umeshikilia miaka yote kwamba kukosekana kwa "the" kuliacha nafasi ya kutoondoka kila mahali. Upande mwingine umeshikilia kwamba Kifaransa na shabaha ya azimio zima vinasema kila mahali. Darasani palikuwa kimya. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamwona wakala wa forodha na muuguzi wakibishana juu ya kibainishi kwa sauti ya watu wanaobishana juu ya mpira.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kabrasha. Ukurasa wa 11 haukuwapo katika nakala yangu wala ya jirani yangu, kurasa mbili zilikuwa juu chini, na zile kanuni 37 hazikupunguzwa hata baada ya mwalimu kutuonyesha kwamba nyingi ni watoto wa swali moja. Kozi ina mwalimu mmoja na mabwana wawili: kabrasha linafundisha kukariri, mwalimu anafundisha kuuliza, na mwanafunzi aliyekosa Jumamosi ya pili akabaki na kabrasha peke yake atakuwa amenunua karatasi.

La pili ni zito zaidi, nalo ni mtihani wa mwisho. Tulifanyia kwenye kompyuta za chuo, nafasi 40 za kujaza, na mfumo ndio uliosahihisha. Swali la 17 lilikuwa nafasi wazi ikifuatiwa na "lion is a dangerous animal". Niliandika "A". Nikapewa kosa, jibu lililokubaliwa ni "The" peke yake. Wiki chache kabla, mwalimu huyo huyo alikuwa ametuambia kwamba yote mawili ni sahihi, na maneno yake ninayo kwenye daftari. Nilimfuata. Alisoma swali, akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli kabisa, dada yangu, lakini mfumo si wangu, ni wa chuo." Alinipeleka ofisini, ofisini wakaniambia matokeo yakishaingia hayabadilishwi. Cheti changu kinasema 34 kati ya 40, na walau maswali mengine matatu yalikuwa na ugonjwa huo huo: sentensi moja iliyokatwa kutoka kokote, haina mzungumzaji wala msikilizaji, na mtu anatakiwa aseme kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Kinajulikana kwa nani?

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri watu waiache kozi kama hii wakidhani programu za kusahihisha sarufi zitawafanyia kazi. Nazitumia kila siku na zinanisaidia kwa mengi. Lakini nilipoipa programu yangu ile sentensi ya milango, iliridhika na tafsiri zote mbili, na haikuwa na kosa: zote mbili ni Kiingereza safi. Mwenye kujua kama milango hiyo imeshaharibika ni mimi na mteja.

Nani ajiunge? Mtu anayeandika Kiingereza kwa ajili ya kazi na ambaye tayari sentensi zake zinasimama: mtafsiri, karani wa sheria, mwandishi wa ripoti za miradi, mwalimu. Anayeanza asipoteze fedha zake. Wawili wetu waliokuwa bado wanahangaika na nyakati za vitenzi waliacha baada ya Jumamosi ya tatu, na sikuwalaumu. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: kama mnaruhusiwa kuleta maandishi yenu wenyewe, na kama mtihani unasahihishwa na binadamu. Kwangu mimi Jumamosi nne kati ya sita zilistahili ada yake, na ile ya pili peke yake ningeilipia mara mbili. Nimeipa kozi hii nyota tatu na nusu. Nusu iliyokosekana kufikia nne ni ya simba.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kupitia kazi zangu. Nikimaliza rasimu naisoma mara moja nikitazama nomino tu, na mbele ya kila moja namsikia mama muuguzi akiuliza kama wamemjua au bado. Ni kazi ya taratibu. Kurasa kumi hunichukua karibu saa moja. Tafsiri ya mwisho niliyoipeleka kwa mteja yule yule ilikuwa ya katiba ya chama cha ushirika, kurasa 22, nayo ilirudi na alama nyekundu nne tu zinazohusu "the". Tatu nimezikubali. Ya nne naipinga. Niliandika "members of the society", yaani wanachama wa chama hicho, naye akaifuta "the", na sasa kifungu cha 6 kinasomeka "members of society" na kuwapa wanajamii wote, mimi na wewe na muuza mahindi wa kituo cha basi tukiwamo, haki ya kugawana faida ya mwisho wa mwaka. Nimemwandikia barua pepe kumwomba airudishe, na bado nasubiri jibu.